Namba Kumi na Moja

Wamaza, Alhamisi

Kwako Yaya Nathanaël, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Je, kifua chako kimepona vumbi la mashimo ya dhahabu ya Salamabila? Sisi huku tuko wazima. Papa anapalilia mpunga, Mama anasema usilale bila kula. Shuleni ninaendelea, ila mwalimu aliponiita nisome mbele ya darasa sauti ilikataa kutoka, na Ilunga akaniita tena Bibi Kimya.

Sanduku lako la CD nalitunza. Zimefika arobaini na tatu, zote miziki ya filamu, kama unavyotaka. Mbili za mwisho aliziteremsha Jumapili yule mchuuzi wetu wa Bukavu, Mugisho, kwenye pikipiki yake. Alinicheka, akasema Bukavu yote iko na muziki ndani ya simu, ni sisi wawili tu tunaoagiza visahani. Niliziandika katika daftari kwa utaratibu wako: filamu, mtunzi, mikwaruzo. Moja ni ya filamu ya vita, kava jeusi. Nyuma ya kava kila namba ya wimbo ilikuwa na jina la mtunzi wake, isipokuwa ya kumi na moja. Niliweka alama ya kuuliza, nikaiacha.

Sasa kaa chini, Yaya. Jumatatu saa kumi za mchana nilikuwa kisimani niliposikia Mama Fifi, jirani yetu, anapiga sufuria. Unajua desturi: anayesikia hatari anapiga, anayemsikia naye anapiga, hadi kijiji kizima kinalia. Nilitupa bidoni la maji nikakimbia. Mama alinikuta njiani, akanishika mkono, akasema nisigeuke nyuma. Tulivuka mto, tukakaa porini siku mbili, mvua juu yetu. Koko Emilienne, nyanya yetu, aliteleza kwenye mawe. Mguu wake bado umevimba. Kila jani lilipotikisika nilijibana kwa Mama kama mtoto wa kunyonya.

Hakuna mwenye bunduki aliyekuja. Jana tuliporudi, hata kuku walikuwa mahali pao. Ndipo watu wakaanza kuulizana. Mama Fifi aliapa kwamba alisikia risasi, nyingi, kutoka upande wa nyumba yetu. Mzee mmoja wa kijiji, Papa Zacharie, akasema upande wetu alikuwako mgeni mmoja tu, Mugisho, na kwamba huyu mutu iko anajua njia zote za msitu. Mugisho akajibu kwamba yeye anabeba visahani vya muziki tu. Walimcheka, wakamwuliza ni nani Wamaza anayenunua nyimbo zisizo na maneno. Akanitazama. Nikaangalia miguu yangu.

Wamemfungia kwa shefu wa kijiji, wakisema anawaongoza waasi. Jumamosi watamkabidhi kwa askari, na unajua mtu wa namna hiyo harudi upesi.

Yaya, zile risasi ni zangu.

Ulinifundisha kwamba albamu haikatwi, inasikilizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jumatatu niliweka ile ya kava jeusi kwenye redio ya CD, nikafungua dirisha niisikie uani. Maji yakaisha, nikaenda kisimani nikaiacha ikicheza. Jana nilikuta betri ya redio imekwisha na kisahani kimo ndani. Niliichaji kwa jua, nikajifunika blanketi, nikabana sikio kwenye spika, sauti chini kabisa. Namba kumi na moja si muziki. Wameitoa ndani ya filamu yenyewe: bunduki, na watu wanaopiga kelele. Hata nikijua ni kisahani, mwili wangu ulitaka kukimbia.

Leo asubuhi nilifika mlangoni kwa shefu. Sikupiga hodi. Nikarudi.

Kesho nitakwenda na CD. Najua shefu hataniamini mpaka aisikie. Lakini nikiipiga, masufuria yatalia tena, na safari hii Koko hawezi kukimbia. Kwa hiyo lazima kwanza nipite nyumba kwa nyumba, niseme kwa mdomo wangu kwamba bunduki watakazosikia ni za filamu, na kwamba Jumatatu pia ilikuwa mimi. Naogopa Papa. Naogopa watakaolala tena porini katika ndoto zao. Wakichoma sanduku lako, unisamehe.

Barua hii nampa motari, mwenye pikipiki aendaye Salamabila, kabla sijaanza, ili wewe uwe umekwisha kujua na mimi nisiweze kugeuka. Wote wanakusalimia, na Mungu akutoe salama kila unaposhuka shimoni.

Nitaanza kwa Mama Fifi.

Mdogo wako,
Naomie