Visu Vyenye Mpini Mwekundu

Mdogo wangu,

Huku mvua imeotesha majani mpaka mlangoni. Wewe na maagizo yako! Nimezunguka maduka matatu kutafuta visu vya kukunja vya nyumba ya likizo, ili tukienda tusigombanie kile kimoja cha Baba. Nimechukua viwili vyenye mpini mwekundu. Muuzaji alivisifu: "Hata mzee akikiangusha majanini, atakiona."

Hapo nikavikunja haraka, nikavitia mkobani. Kwenye simu sikukuambia, Mama alikuwa karibu. Jumapili, kule kule kwenye nyumba ya likizo, Baba alikuwa barazani anamenya chungwa. Mama alipomletea chai, Baba aliinuka na kisu mkononi: "Wewe mama, nani kakufungulia mlango?"

Mama hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akasema, "Nimepita tu, mzee. Naondoka." Akazunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Visu bado viko mkobani mwangu. Kuviacha kule siwezi, na kile cha Baba nani atathubutu kumwomba? Njoo. Ukimkuta Mama mlangoni anabisha hodi, usimcheke. Ndivyo anavyoingia kwake siku hizi.

Ni mimi, dada yako.