Wembe wa Kumnyolea Zaid

Majengo, Pumwani
14 Januari 2024

Mpwa wangu Hikma,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, isipokuwa goti la mke wangu Fatu, ambalo likianza kuuma basi nyumba nzima lazima iambiwe. Wewe na Barre mu hali gani na baridi ya huko Birmingham? Na huyo mgeni aliye tumboni, anapiga mateke? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Fatu akipiga simu huiweka sauti ya juu, na mtaa mzima husikiliza.

Nina ombi. Wembe wangu wa kukunja, ule alioniachia baba, umeanguka sakafuni ukavunjika ncha. Nimeulizia kote Eastleigh hadi Muthurwa, wapi! Vinyozi wa leo wanatumia viwembe vya kutupa. Huko uliko najua haukosekani. Lakini sikiliza vizuri: nataka wa ncha ya pembe, iliyokatwa wima kama kona ya meza. Usije ukadanganywa na wa ncha ya mviringo. Pembe ndiyo inayoingia nyuma ya sikio, ndiyo inayochora mstari wa ndevu ukanyooka.

Kwa wembe ule nilikunyoa nywele ulizozaliwa nazo, una siku saba, umelala mapajani mwa marehemu mama yako. Ulikuwa umekunja ngumi kama unataka vita. Udi unafuka, watu wamejaa hadi kibarazani, na dada yangu ananiambia, "Zubair, taratibu, huo ni utosi, si nazi!" Jamani, siku zile. Nazikumbuka hadi harufu ya sabuni. Wako pia nitamnyoa mimi, inshallah.

Mjomba wako,
Zubair


Birmingham
20 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, tumbo tu limekuwa kubwa hata viatu vyangu sivioni. Barre anakusalimu sana. Mpe pole Mama Fatu na goti lake. Barua yako niliisomea jikoni, nikacheka, halafu nikalia, halafu ugali ukaungua.

Wembe nimepata. Kuna mzee anauza vitu vya zamani sokoni. Alitandaza kitambaa akanipangia nyembe zake: wa pembe, wa mviringo, mmoja uliokatwa mshazari, na mwingine wenye kijipengo juu ya ncha. Nikazishika zote. Ule wa pembe niligusa kona yake tu kwa kidole gumba, nikaona damu kabla sijasikia uchungu.

Sasa, Mjomba, usinikasirikie. Mama Fatu ameniambia mkono wako unatetemeka. Ati nusu ya chai inabaki kwenye kisahani. Ati wembe haukuanguka wenyewe. Ni kweli? Nataka umnyoe mtoto wangu kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote. Mama hayupo, nyumba yetu ya Majengo wamevunja wamejenga ghorofa, na katika watu wangu wa zamani umebaki wewe. Lakini naogopa. Utosi wa mtoto ni laini, na kona ile haina huruma. Nikuletee wa mviringo?

Mpwa wako,
Hikma


Majengo, Pumwani
17 Machi 2024

Hikma,

Wa alaykum salaam. Saumu njema. Hali yangu ni nzuri, na mkono wangu pia ni mzuri, asante kwa kuuliza. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika hadi futari.

Fatu mwambie ashughulike na goti lake. Wembe wa mviringo ni wa mwanagenzi! Ndio baba alionipa nilipokuwa najifunza, kwa sababu mkono ukiteleza hauna kona ya kuchoma. Siku aliponiwekea wa pembe mkononi alifunga duka mapema, akaninunulia kanzu mpya, na tukapita mtaa kwa mtaa ananitambulisha kama bwana harusi. Leo unataka nirudi kwa ule wa kwanza?

Waulize watu wa reli. Rafiki yangu Opiyo, alipokuwa akikaa nyumba za reli pale Muthurwa, alikuwa akija kwa miguu kila Jumamosi, anawapita vinyozi chungu nzima, ili nimchoree masharubu mimi. Jioni anaingia dansi Kaloleni, masharubu yamenyooka utadhani yamepigwa rula. Wasichana walikuwa wakimwuliza kanyolewa wapi! Hiyo ilikuwa kazi ya pembe. Ukiniletea wa mviringo, nitakatia vitunguu.

Mkono ni wangu, naujua mimi.

Zubair


Birmingham
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mu wazima, maana nimekuandikia mara mbili tangu Ramadhani na hukunijibu hata neno. Najua umepokea. Mama Fatu ananiambia unazisoma kisha unazirudisha kwenye bahasha.

Zaid amezaliwa salama mwezi wa Aprili. Ana paji la mama, hasira zako, na nywele nyingi ajabu. Siku ya saba ilipofika Barre alitoa mashine yake ya ndevu. Nikamwambia, thubutu! Imamu wa hapa amesema kuchelewesha si dhambi, kwa hiyo tunangoja. Nywele sasa zinamwingia machoni na majirani wananiuliza huyu msichana anaitwa nani.

Anab, binamu ya Barre, anakuja Eastleigh wiki ijayo. Nimempa nyembe mbili akuletee, wa pembe na wa mviringo. Nilikosea kutaka kukuchagulia. Chagua wewe. Tunakuja Agosti, na wembe wowote utakaoushika, nitakuletea mtoto.

Mpwa wako anayekukumbuka,
Hikma


Majengo, Pumwani
9 Julai 2024

Mpwa wangu Hikma,

Assalaam alaykum wewe na Barre na huyo bwana Zaid wa nywele. Hongera, mama. Hongera sana. Nilipaswa kusema mapema.

Anab alinifikishia. Nyembe nzuri, chuma cha watu wa zamani. Nilizinoa kwenye mkanda, nikawa sina pa kuzijaribu. Wanasema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Basi Opiyo aliposikia akaja kutoka mtaa wa Jericho anakokaa sasa, akaketi kwenye kiti, akavua kofia. Siku hizi ana upara katikati na mvi kando. "Omera, ndugu yangu, nyoa," akasema. "Zijaribu zote mbili hapa."

Nikaanza na wa pembe. Juu ulikwenda vizuri. Nyuma ya sikio mkono ukaruka, na kona ikaingia. Damu, Hikma. Opiyo akajifuta shingo kwa kiganja. Kisha akageuza kichwa: "Haya, sasa upande huu, kwa wembe ule mwingine." Wa mviringo ukapita nyuma ya sikio la pili, mkono ukaruka vile vile, ngozi haikuguswa.

Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia. Opiyo, pamba sikioni, ndiye aliyepika chai. Akaniambia, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi magoti yangu yalitangulia kuchoka, nikakuonya uzee unakuja. Hukutia maji." Tukacheka hadi Fatu akaja kuchungulia.

Kwa hiyo nimechagua wa mviringo. Na hata huo, sitaki kukudanganya. Nitanyoa mimi, Fatu atampakata, na wewe utanishika kifundo cha mkono. Ukiogopa, nibane. Nitaacha papo hapo na sitaona vibaya.

Mjomba wako,
Zubair


Birmingham
20 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Zaid ameanza kukaa, na baridi imerudi. Natumai umeamka vyema.

Mama Fatu amenipigia, tena kwa kunong'ona, maajabu. Anasema tangu tuondoke huko Agosti hujamnyoa mtu. Nyembe zote mbili umezipaka mafuta, umezifunga kitambaani, na kiti umempa fundi wa viatu. Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani tunamnyoa Zaid, kumbe ulikuwa unaaga kazi.

Nitakuambia nami nisilokuambia. Tulipofika utosini mkono wako ulikuwa unatetemeka chini ya vidole vyangu kama friji kuukuu, na nilikuwa tayari kukubana. Kisha ukaanza kumsimulia Zaid habari za mama, alivyokuwa akiimba akifua, alivyokukimbiza na mwiko, wembe unapita na neno linapita, nikasahau kabisa kuogopa. Vigelegele vilipopigwa nilikuwa bado nimekushika. Ukatoka nje kuosha wembe, ukakawia sana huko.

Nywele zake zimerudi, nyeusi tititi. Jana nilimkalisha karibu na dirisha nikampekua kichwa kizima, nyuma ya masikio, utosini, kisogoni. Nilikuwa natafuta alama, Mjomba. Si kwa kukushuku, wallahi. Atakulia huku, na hataikumbuka mikono yako. Nikatamani awe na kikovu kidogo tu, nimwonyeshe kwenye kioo nimwambie, hapa alipita babu yako Zubair.

Hakuna hata kimoja. Umemnyoa vizuri mno.

Mpwa wako,
Hikma