Nilipogoma Kudaka

Salim mjukuu wangu, assalaam alaikum. Sisi hapa Irving wazima. Bibi yako anakuombea wewe uliye huko Houston.

Umeniuliza kama ni usaliti kususia mazoezi mpaka timu ikupe mkataba mpya. Ujanani, nikiwa golikipa Mombasa, nami niligoma nikidai mshahara mkubwa zaidi. Siku moja beki wetu Athumani akaja nyumbani.

"Dai haki yako," akaniambia, "lakini chungu cha mishahara ni kimoja. Ukipakua chote, nani atabaki kukukinga?"

Mimi nilikuwa nikiwaza viongozi tu, si wenzangu wanaolipwa kutoka chungu hicho hicho. Nikapunguza mshahara niliotaka, nikaomba mkataba mrefu zaidi. Wakakubali. Niliporudi uwanjani, Athumani alinikumbatia mbele ya wote.

Basi kudai si usaliti, ila wapigie kwanza wenzako simu ujue dai lako litawagusa vipi. Naamini utasaini, na tutakuja kukushangilia.

Babu yako, Bakari