Mikono ya Mama Kabla ya Jumamosi

Dada yangu wa mbali,

Hili sijamwambia mtu: mikono ya Mama inatetemeka. Saluni anaanza yeye, namalizia mimi. Hata wodini anakowasuka wagonjwa bure, mimi nasuka, yeye anawachekesha.

Jumamosi mji mzima unamtuza kwa kazi hiyo ya wodini, na mwenyekiti wa sherehe anataka asuke jukwaani, watu waone.

"Mama, tuwaambie ukweli."

"Ushone mdomo huo! Wakijua, nani ataniruhusu tena wodini?"

Nina lugha mbili za shule na zote hunikwama kooni, lakini nikamwambia nitapanda naye, nisuke mimi.

Akacheka. "Wewe konokono, mbele ya watu?" Kisha akageukia ukuta, mabega yakamcheza kwa kilio.

Njoo, Dada. Mama hukusikiliza wewe. Kandambili za Mama hizo nazisikia mlangoni, naisukuma barua chini ya godoro