Mahari Niliyoitia Chumvi Gesti

Likoni, Ijumaa usiku

Vyumba viwili! Mimi na mke wangu, watu tuliokuja likizo, tumelazwa kama wasiojuana. Yule bibi mwenye gesti ana lake jambo, wallahi.

Cheti cha ndoa tulikisahau nyumbani Jomvu Kuu. Bibi akasema bila cheti atatuuliza mmoja mmoja: mahari ilikuwa nini? Sebule imejaa wageni, nami ni mtu niliyelala hoteli za Dubai na Muskat, nikaona haya kutaja kidogo. Nikasema seti ya dhahabu na kabati la milango mitatu. Mke wangu, kando huko, akasema msahafu na kitanda. Ndio ukweli.

Bibi akanitazama kama mwizi wa kuku. "Wewe baba, chumba cha mwisho. Binti huyu atalala karibu na mimi."

Sasa nashuku kila kitu. Huenda mtego huu huwategea wote, vyumba vyake vijae. Picha alizotutumia zilikuwa na bwawa la kuogelea. Nililoliona ni pipa. Kitasa hakifungi, nimezuia mlango kwa kitanda.

Lakini linaloniuma ni mke wangu. Tangu tuoane sijamtoa matembezi, na leo nimemwaibisha mbele za watu.

Nimekwenda kubisha mlangoni kwake. "Mama Rukia, umekasirika?"

"Usinigongee usiku, kaka wa watu," akajibu. "Mimi mke wa mtu."

Kisha akacheka, alhamdulillahi. Ila na bibi alicheka humo humo chumbani, na kicheko chake kile mimi bado nakishuku.