Sauti ya Kosta Barabarani

Jumatatu, 4 Septemba

Gari la matangazo limepita tena saa nne, nikiwa nachambua maharage. Nilijua linakuja kabla sijalisikia, maana mwanangu Skola aliacha kijiko, akainua kichwa. Halafu sauti ya baba yake ikatokea upande wa Kilakala. Wananchi wa Bigwa, mama usijifiche, baba usijifiche, rais hanunuliwi, rais anachangiwa. Skola akatoka mbio mpaka barabarani anaita baba. Nikamfuata na ungo mkononi, maharage yanamwagika.

Mume wangu Kosta tumemzika kwao Mlali mwanzoni mwa Agosti. Malaria ilimpanda kichwani. Hakumaliza wiki. Kanda ya matangazo ya kampeni alikuwa ameshairekodi, kwenye duka la kanda mjini. Chama kilimchagua kwa ajili ya koo lake. Tangu walipopunguzwa kiwandani alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, anamuuzia mtu suruali iliyochanika na mtu anaondoka anacheka. Sasa chama hakina pesa ya kanda nyingine wala ya mtangazaji mwingine. Kwa hiyo anatangaza yeye.

Kuna mahali anakohoa, halafu anajicheka kwa kukohoa. Hapo ndipo sipawezi.

Jumatano, 6 Septemba

Mchango. Mimi na jirani yangu Mama Hija, kikapu kimoja, nyumba hadi nyumba.

Julai hatukuwa tunapiga hodi. Watu walitufuata wenyewe. Kuku, mikungu ya ndizi, mahindi. Bibi mmoja alivua kitenge kipya mabegani akakiweka kikapuni. Tuliuza sokoni, pesa ikaenda kwenye mafuta ya gari na turubai la mikutano.

Leo nyumba ya kwanza, kimya. Redio inalia ndani. Ya pili, mtoto alitumwa kusema mama hayupo, na miguu ya mama naiona chini ya pazia. Mzee fundi viatu ndiye aliyesema ukweli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kushona. "Mwanangu, ungekuja wewe mwenyewe ningetoa. Lakini ananiita marehemu. Marehemu akikuita, wewe huitiki." Kisha akanionea huruma, akanipa malimao mawili.

Mama Hija njia nzima: "Haya, tumepata ya kuendea Ikulu. Tukakamue."

Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Jumapili, 10 Septemba

Mkutano wa hadhara baada ya misa. Nilivaa fulana ya chama ya Kosta, inanifika magotini.

Mwezi wa saba, mnada wa jogoo ulikuwa mtamu. Mtu ananunua jogoo, anamrudisha, ananadiwa tena, mwingine ananunua, anamrudisha. Kosta ndiye aliyekuwa akinadi. Jogoo yule aliuzwa mpaka akachoka kushikwa, akafumba macho. Watu walipiga vigelegele. Nilifikiri, kweli tunashinda.

Leo Katibu wa tawi alinadi mwenyewe. Hana koo. Alipandisha bei, akashusha, akapandisha, akashusha. Mwisho jamaa mmoja wa Mzinga akanyoosha mkono, akalipa. Tukapiga makofi tukimsubiri amrudishe. Akamtia jogoo wake kwapani akaondoka naye. Katibu akamwita kwenye kipaza sauti, ndugu, ndugu, utaratibu. Yule akajibu bila kugeuka, "Utaratibu wangu leo ni mchuzi."

Uwanja mzima ulicheka. Watu wakaanza kutawanyika na kicheko chao. Mgombea wetu alikuwa aje Morogoro wiki ijayo. Katibu ametangaza kwamba ziara imeahirishwa.

Mimi bado naamini. Zamani mtu alitibiwa bure, mgombea wetu kasema ataturudishia. Kosta nilimchelewesha nyumbani siku mbili natafuta cha kulipia hospitali. Siwezi kutoamini.

Alhamisi, 14 Septemba

Mjomba Lukas amekuja kutoka Mlali, amebeba viazi. Ndiye aliyemlea Kosta, ndiye mwenye msiba. Nilifikiri amekuja kupanga siku ya kuanua tanga, maana arobaini imefika. Nimeshatengeneza kimea cha pombe.

Alikunywa maji. Gari likapita. Akasikiliza mpaka likapotea kona ya chini. 

Akasema: "Mama Skola, hatuwezi kuanua tanga huku mtu wetu bado yuko kazini. Tutawaambia nini watu? Tumemaliza kumlilia, na huyo hapo anapita?"

Tanga lisipoanuliwa nguo zake haziguswi, kitanda chake hakilaliwi, na mimi nabaki na kitambaa cheusi. Sio mke, sio mjane. Skola sio yatima.

Akaniuliza mtoto amejua? Nikasema nimemwambia baba kasafiri. Mjomba akatikisa kichwa. "Umemwambia kasafiri, na kila siku anapita mlangoni haingii. Mtoto atafikiri nini?"

Ijumaa, 15 Septemba

Sikwenda kwenye mchango. Kichwa.

Jumanne, 19 Septemba

Namshukuru Mungu.

Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika. Sikusikia gari, upepo wa mlimani ulikuwa mkali. Skola alisikia. Nilipozunguka alikuwa katikati ya barabara amenyanyua mikono miwili, kama anavyofanya anapotaka kubebwa. Sadi dereva alikata kona akaingia kwenye migomba ya Mama Hija. Gari likasimama. Kosta akaendelea kuongea. Mama usijifiche, baba usijifiche.

Skola hakuwa na mchubuko. Alipanda tairi, akachungulia ndani ya gari. Akazunguka upande wa pili, akachungulia. Akaniuliza, "Kajificha wapi?"

Sadi alikaa chini kwenye nyasi. Aliniambia, "Shemeji, na mimi sipendi. Nikiwa peke yangu huko juu mlimani nazima. Naona kama anasafiri na mimi."

Nina hasira. Na nani, sijui. Na Kosta pia.

Jumatano, 20 Septemba

Nimekwenda ofisini kwa Katibu. Nimemwambia sauti ile ibadilishwe. Akasema yeye anataka, ila kanda tupu hawana, makao makuu hawajatuma kitu tangu mwezi uliopita, hata khanga za akina mama tulizoahidiwa zimeishia njiani. Kanda ni hiyo moja.

Nikasema basi irekodiwe hiyo hiyo.

Akanitazama. "Juu yake? Atafutika, Mama Skola. Nyumbani una sauti yake nyingine?"

Sina. Picha ninayo moja ya harusi, na kwenye picha kafumba mdomo.

"Na nani atasema?" Nikasema mimi. Nimefika darasa la saba, kusoma najua. Nilimweleza sababu zangu zote bila kupumua. Mtoto atagongwa. Mjomba hataki kuanua tanga. Na watu wakisikia aliye hai watarudi kutoa. Hii ya mwisho ndiyo iliyomsimamisha Katibu kwenye kiti.

Duka la kanda ni chumba kidogo, kimebandikwa magodoro ukutani. Fundi aliniuliza kama nataka kuisikiliza mara ya mwisho. Nikasema hapana. Kwa nini nilisema hapana. Akabonyeza, taa nyekundu ikawaka, nikaanza. Nilisoma haraka haraka, sauti imenibana kama mtoto anayesoma risala shuleni.

Nimemfuta mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 22 Septemba

Gari limepita na sauti yangu. Sikujitambua. Skola alitoka mpaka mlangoni, akasikiliza, akageuka kunitazama mimi na mwiko wangu. Akatazama gari. Akarudi ndani.

Mama Hija anasema nasikika kama muuza samaki aliyenyimwa chenji.

Tumezunguka na kikapu mpaka jua likawa kali. Nilikuwa na uhakika. Milango ilifunguliwa, hilo ni kweli. Walitukaribisha, wakatupa pole, wakatupa maji ya kunywa. Mchango hawakutoa. Mama mmoja aliyetoa kuku wawili mwezi wa saba alisema, "Dada, nimechoka tu. Hawa wote watakula." Fundi viatu naye hakutoa. Nilimkumbusha aliyosema. Akakwaruza soli muda mrefu. "Nilisema hivyo," akasema, "kwa sababu ilikuwa rahisi kusema."

Kwa hiyo haikuwa Kosta. Walikuwa wamechoka, na Kosta alikuwa kisingizio chao. Nimemfuta bure.

Jumapili, 24 Septemba

Mkutano. Viti vingi kuliko watu. Mjomba Lukas alishuka kutoka Mlali makusudi, asikie kwa masikio yake kwamba Kosta amepumzika. Katibu akasema tuwangoje watu kidogo, Sadi apige kanda. Ikacheza. Sauti yangu ikamaliza risala. Hakuna aliyeongezeka, na Sadi alikuwa anapiga soga, hakuizima. Ikawa inavuma tu.

Halafu Kosta akasema, wazi kabisa, "Toeni hata kidogo. Hata kidogo. Asanteni sana, tutaonana."

Maneno yangu yalikuwa machache kuliko yake. Mwisho wake ulibaki.

Hakuna aliyekimbia. Ingekuwa nafuu wangekimbia. Walisimama mmoja mmoja, wakakung'uta nguo, wakaondoka kimya kimya kama watu wanaotoka makaburini. Mjomba alivua kofia. Skola alikuwa amelala mgongoni kwangu. Akaamka, akasema, "Baba kaja," akalala tena.

Katibu alibaki mbele ya viti. Hakunilaumu. Alianza kukunja turubai mwenyewe.

Jumatatu, 25 Septemba

Katibu amenipa kanda. Gari halina mafuta na hayatapatikana. Akasema nikae nayo, nina haki nayo kuliko chama.

Niliishika asubuhi nzima. Mama Hija ana redio ya kaseti. Ningeweza kusikia tutaonana kila siku mpaka Skola aolewe. Nilijiona nimekaa kitako, mzee, nabonyeza. Na Skola mlangoni anatazama barabara.

Nikamwacha kwa Mama Hija, nikaenda mjini. Fundi akauliza tunarekodi nini. Nikamwambia kitu chochote kisirekodiwe, aache izunguke tu. Akaniangalia. Hakuuliza tena. Alifunga mlango, akazima feni, akabonyeza. Taa ikawaka. Tukakaa, yeye kwenye stuli, mimi kwenye kreti, tumenyamaza wawili, tunarekodi ukimya. Nilitaka kukohoa nikajizuia. Nilisikia moyo wangu nikaogopa utaingia. Fundi aliziba pua asipige chafya, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

Pesa hakutaka.

Jumanne, 26 Septemba

Nimemwambia Skola. Baba amekufa. Hatapita tena. Nilimweleza tukiwa tumekaa kizingitini, nimemshika miguu. Akauliza nani atampikia huko. Nikasema sijui, mwanangu. Akauliza kama atarudi akishiba. Nikasema harudi. Akaniambia nasema uongo, akanipiga kwa mikono yake yote miwili. Nikamwacha anipige.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumeanua tanga, Mlali. Watu walikuwa wengi kuliko mikutano yote ya Septemba. Mjomba aligawa nguo. Koti kachukua binamu yake, limembana. Fulana ya chama hakuna aliyeitaka. Nikasema nitalalia. Nimevua kitambaa cheusi, shingo imekuwa nyepesi mpaka naona aibu.

Tuliondoa magugu kaburini. Skola alisaidia, aling'oa na maua.

Mjomba aliniambia shamba la juu, penye migomba, naweza kulima ili mtoto apate chakula. Akasema pia, "Kura yako utapiga?" Nikasema nitapiga. Akacheka kidogo. "Kwa hao hao?" Kwa hao hao.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza kugusa. Mlima umefunikwa tangu asubuhi. Nimepanda mahindi nyuma ya nyumba, mistari michache.

Jumapili ni kura. Ofisi ya tawi imefungwa, Katibu anauza dagaa dirishani pake. Kadi yangu ya kupigia kura iko ndani ya sanduku la nguo. Nitakwenda mapema, na Skola mgongoni.

Saa nne limepita gari, la chama kingine, kubwa, jipya, na muziki. Mtangazaji ana koo zuri. Skola alikuwa anakula muhogo sakafuni. Hakuinua kichwa. Alitafuna, akachagua kipande kingine, akakipuliza kipoe.

Mimi ndiye niliyetoka nje. Nilisimama barabarani mpaka likafika kona ya chini, halafu nikarudi ndani.