Nani Anachagua Mbuzi wa Griftu

Kaka Mutua, hamjambo huko nyumbani?

Huku Griftu mvua imekataa. Kile kitabu kikongwe cha mageuko ya viumbe ulichonipa nimekimaliza, na asubuhi nikamweleza jirani yangu Halima kwamba ukame huwabakiza wanyama wanaoustahimili. Alikuwa akiwachinja mbuzi waliozaliwa jana, ili mama zao wasife kwa kunyonyesha. Akafuta kisu.

"Mwalimu, hiyo kitabu inasema nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua."

"Basi mbona damu iko kwa mkono yangu?"

Nilimshikia mbuzi wa mwisho, naye akaninyonya kidole.

Mwambie mama nampenda sana. Na mvua ikimlowanishia nguo alizoanika, tafadhali asiitukane.

Dada yako, Mwende